Nywele za Dada Yangu Kichwani Mwangu

Wiki iliyopita niliwaacha mlangoni mwa chumba cha mama, mimi na nywele zangu za rangi ya shaba na uongo ukiwa bado wa moto mdomoni.

Kwa aliyejiunga leo, mambo yalikuwa hivi. Mama yangu anasahau. Alianza kwa kusahau birika jikoni, akaja kusahau njia ya kurudi nyumbani, akamalizia kwa kunisahau mimi, binti yake wa mwisho, ninayemwogesha na kumvisha. Nyumbani wananiita Kitinda, kwa sababu baada yangu mama hakuzaa tena. Kisha akakataa chakula na vidonge vyake vya presha. Akifunga meno, hata umbembeleze mpaka koo likauke, hafungui.

Siku moja, kwa uchovu tu, niliingia saluni nikamwambia msusi wangu, "Nibadilishe hata mwenyewe nisijijue." Akanipaka rangi ya shaba iliyoiva. Niliporudi nyumbani, mama aliinua uso, macho yakamng'aa.

"Tausi! Umerudi?"

Tausi ni dada yangu, mkubwa wangu wa pekee. Alikuwa na nywele za rangi hiyo hiyo siku alipoondoka kwa ugomvi, nami nilikuwa bado nasoma. Tangu siku hiyo hakuna aliyemsikia humu ndani.

Nikajibu, "Nimerudi, mama."

Akafungua kinywa, akala.

Sasa sikilizeni yaliyofuata.

Mama Mdogo, mdogo wake mama anayekaa naye ninapokuwa kazini, alikuwa amesimama nyuma yangu na bakuli la supu. Alinivuta mpaka koridoni.

"Unamdanganya dada yangu?"

"Mama Mdogo, amekula."

"Nimekuuliza unamdanganya?"

"Amemeza na vidonge."

Akachungulia chumbani. Mama alikuwa ameketi wima, anatengeneza mto wake na kujisemesha kwa furaha. Mama Mdogo akashusha pumzi.

"Haya, Tausi," akaniambia. "Ila ukija kujisahau na wewe, mimi siwezi kulea wawili."

Zile zilikuwa siku nzuri, sitaficha. Mama alinishika mikono. Alinipangusa mashavu. Alinisimulia habari za utoto wangu ambao haukuwa wangu: jinsi nilivyocheza dansi juu ya meza, jinsi nilivyokata pazia la sebuleni nikajishonea sketi. Nilicheka mahali pa kucheka. Mtu asiyenijua angesema huyu binti anapendwa.

Siku moja nikathubutu kumuuliza, "Mama, na Kitinda je?"

"Kitinda?" Akapiga kope kana kwamba ananitafuta ndani ya kichwa. "Kitinda yupo yupo tu. Yule hana makuu."

Nikaokota bakuli nikaenda kuliosha, ingawa lilikuwa bado na supu.

Kisha likaja lile jambo ambalo hata leo nikilikumbuka hujikuta nimesimama, naanza kuzunguka chumba.

Nilikuwa namkata kucha. Akaurudisha mkono wake kifuani.

"Tausi, ile siku nilikuambia toka. Nilikuambia nina mtoto mmoja tu, naye ni Kitinda. Unakumbuka?"

Sikukumbuka. Sikuwepo. Nilichojua ni kwamba Tausi aliacha masomo ya uuguzi akajiunga na kikundi cha dansi, mama akawaka, dada akaondoka. Kwamba mama alinitumia mimi kumfukuzia, hilo hakuna aliyewahi kuniambia.

"Nakumbuka," nikasema.

"Nisamehe, mwanangu."

Machozi yalikuwa yanamteremka mpaka kwenye kidevu. Ningefanya nini? Niwaulize nyinyi mnaosoma hapo mlipo, mngefanya nini?

"Nimeshakusamehe, mama. Zamani sana."

Akalala usingizi wa mtoto mchanga. Mimi nikaenda kuoga, nikafungua maji ya moto, nikainamisha kichwa. Nilipofumbua macho, sakafu ya bafu ilikuwa nyekundu. Maji yenye rangi ya shaba yalikuwa yanazunguka kwenye tundu na kuingia chini, na Tausi alikuwa anaondoka pamoja nayo.

Asubuhi yake nilikuwa wa kwanza saluni. Msusi ni rafiki yangu tangu shule, na mdomo wake haujawahi kuwa na breki.

"Umeziosha mara ngapi tangu nikupake?"

"Kila siku. Natoka bwawani, nifanyeje?"

"Kila siku?" Akaweka kitana chini. "Mimi nakupaka rangi, wewe unafua zulia! Na maji gani?"

"Ya moto."

Wateja wawili waliokuwa kwenye draya wakasukuma vifuniko nyuma ili wasikie vizuri.

"Njoo hapa." Akanishika unywele mmoja akauinua kwenye taa. "Huu unauona laini, lakini una magamba, kama samaki. Maji ya moto yanayainua, rangi inatoka inajiendea zake. Maji ya baridi yanayalaza. Kwa hiyo utaoshea ya baridi, ukitetemeka tetemeka. Hiyo shampuu yako ya povu jingi oshea vyombo. Tumia hii ya nywele za rangi, na usioshe mpaka kichwa chenyewe kikulilie. Pasi ya nywele usiiguse. Jua likiwa kali, jifunge kitambaa. Na bwawa..."

"Bwawa ndiyo kazi yangu." Mimi ni mwalimu wa kuogelea.

"Basi kazi yako ndiyo adui yako. Ile klorini haichagui, inachuna kila kitu. Kabla hujaingia, zilowanishe kwa maji safi ya bomba mpaka zishibe. Zikishiba hazinywi tena. Paka kondishena juu yake, vaa kofia ya mpira. Na kichwa usizamishe."

"Nipake tena leo. Weka nyingi."

"Sikupaki."

"Msusi!"

"Hata ukipiga magoti. Kichwa hiki kina dawa ya kunyoosha, kina rangi, kina klorini. Nikiongeza leo, kesho utazikusanya kwa ufagio. Zipumzike kwanza." Akaniangalia kwenye kioo. "Kwani una nini na rangi hii? Kuna mwanamume?"

"Kuna mama."

Nikamweleza yote. Wale wa draya nao wakasikia yote. Msusi akafungua kabati akanipa chupa.

"Kondishena yenye rangi. Haiingii ndani, inakaa juu juu tu. Itakuvusha kidogo. Lakini nikwambie ukweli, shoga yangu, jamii ya nyekundu ndiyo yenye kiherehere kuliko rangi zote. Inawahi kuonekana, inawahi kuondoka. Nyeusi ingetulia. Dada yako angependa nyeusi tungepumzika."

Nikaondoka nimejifunga kitambaa hadi kwenye nyusi.

Tangu siku hiyo niliishi kama mtu aliyebeba yai kichwani. Nilioga maji ya baridi mpaka meno yakagongana. Nililala na kofia ya satini, nikiamka kuigusa kama bado ipo. Mvua ikinyunya nilijibanza chini ya vibaraza vya maduka. Nikipita kwenye kioo cha gari, nilijitazama. Kioo cha benki, nilijitazama. Mlinzi wa benki akaanza kuniitikia salamu ambazo sikumpa.

Bwawani nikafundisha nikiwa nchi kavu. Nilitembea ukingoni na ule mti mrefu wa kuokolea wanaozama, nikipaza sauti: "Piga miguu! Toa pumzi!" Wanafunzi walizoea mwalimu anayeingia nao. Sasa walinitazama kama wananionea huruma.

Meneja akaniita ofisini.

"Mwalimu, wazazi wananiuliza kama una kidonda."

"Sina, bosi."

"Umeanza kuogopa maji?"

"Hapana."

"Nina mpishi wa mgahawani hapo ambaye haonji, sasa nina na mwalimu wa kuogelea asiyelowa. Leo ama uingie majini, ama upite getini uende."

Nikafuata maagizo ya Msusi moja baada ya jingine. Nilisimama chini ya bomba mpaka nywele zikashiba. Nikapaka kondishena. Nikavaa kofia ya mpira, na juu yake kofia nyingine. Kichwa kilikuwa kama puto. Nikaingia majini nimenyoosha shingo kama bata.

Siku hiyo nilikuwa na mwanafunzi mtu mzima, bibi mstaafu ambaye daktari alimwambia magoti yake yanahitaji maji. Wenzake walimbatiza jina la Nanga, kwa jinsi alivyoganda mahali pamoja, naye alilipenda. Nanga hakuwahi kuachia ukingo hata mara moja.

"Leo tunaachia," nikamwambia. "Nipe mikono. Mimi niko hapa."

"Usiniachie, mwalimu."

"Sikuachii."

Akaachia. Akapiga hatua, akapiga nyingine, uso umemfunguka kama wa msichana. Akasahau kwamba chini kunateremka. Hatua ya tatu haikukuta sakafu.

Hakupiga kelele. Alinirukia. Alinikumbatia kichwa kwa mikono yote miwili, kama mtu aliyepata gogo mtoni, tukaenda chini pamoja. Vidole vyake vilishika kofia, ya kwanza ikatoka, ya pili ikatoka. Nilimzungusha, nikampitishia mkono chini ya kwapa, nikasukuma sakafu kwa miguu, nikamtoa hadi ukingoni.

Alikaa akikohoa. Zile kofia zilikuwa zinaelea katikati ya bwawa, na nywele zangu zimenilalia usoni, zimelowa klorini mpaka kwenye mizizi.

"Mwalimu," Nanga akanishika bega, "usilie. Mimi mzima."

Ningemwambia nini? Nikamshukuru kwa kuwa mzima.

Nilipofika nyumbani, nywele zilikuwa zimekauka. Mizizini nyeusi, katikati rangi ya chai iliyozidi maziwa, na nchani kitu fulani cha kijani ambacho sijui hata nikiiteje. Nikapaka chupa nzima ya kondishena ya Msusi. Ikashika huku, ikakataa kule. Nikaingia chumbani nikiwa na bakuli.

Mama akanitazama, akatazama mlango nyuma yangu, akanitazama tena.

"Wewe umetumwa na nani?"

"Mama, ni mimi."

"Wewe nani?"

"Tausi."

Akacheka kidogo, kicheko cha mtu anayejua anataka kutapeliwa. "Tausi namjua. Mwambie aje mwenyewe."

Meno yakafungwa.

Mama Mdogo akapata wazo la kunifunga kitambaa chekundu. Tulikifunga vizuri sana. Mama akaniambia nikivue, hakuna sherehe humu ndani. Jioni alikataa supu. Asubuhi alikataa chai na vidonge. Alianza kutembea, kitandani hadi dirishani, dirishani hadi kitandani, akivuta pazia na kuchungulia nje.

"Alisema anakuja," alikuwa anasema. "Ameniahidi. Nyinyi mmemfukuza."

Nami nilikuwa natembea koridoni, huku hadi kule. Ukuta mmoja katikati yetu, kila mtu na njia yake, na hakuna aliyekuwa anafika.

"Mpeleke hospitali," nikamwambia Mama Mdogo.

"Na huko watamfungua meno kwa bisibisi? Kaa chini, unanizungusha kichwa."

Sikukaa. Nikarudi saluni.

Msusi aliponifungua kitambaa alisema "Mungu wangu," akachukua mkasi. Alinikatia ncha zile za kijani. Akachanganya rangi nyepesi, isiyo na dawa kali, akaniambia wazi kwamba itakaa siku chache tu na hata jasho litaitoa. Akanipaka, akanivisha mfuko wa plastiki kichwani, akaniweka nikae.

"Usiinuke mpaka nikwambie. Ukiinuka kabla ya muda wake, itachuja yote."

Simu ikalia. Mama Mdogo.

"Kitinda, uko wapi?"

"Saluni. Namalizia. Mwambie mama nakuja."

"Njoo sasa hivi."

"Amefanya nini?"

"Yeye mzima. Tausi yuko sebuleni."

"Mama Mdogo, Tausi ni mimi."

"Acha upuuzi wewe! Tausi mwenyewe. Dada yako wa tumbo moja. Ameketi pale kwenye kiti cha dirishani."

Nilisimama. Msusi akapiga ukelele, "Kaa chini!" Sikukaa. Nilitoka mbio na taulo lake mabegani na plastiki kichwani, rangi inanimwagikia shingoni na masikioni. Watu wakanipisha barabarani. Mama mmoja akanishika mkono, "Dada, umegongwa na nini? Unavuja damu!" Nikamwambia ni rangi. Akazidi kunionea huruma.

Mama Mdogo alikuwa ananingoja mlangoni. Ndiye aliyemtafuta. Alipoona nimeanza kujitazama kila kioo, alimwendea mtu mmoja wa kile kikundi cha zamani, akaulizia, akatuma ujumbe. Hakuniambia.

"Ningefanyaje?" akaninong'oneza. "Rangi yako ilikuwa inaisha."

Nilichungulia sebuleni.

Mwanamke aliyekaa pale alikuwa mwembamba, amevaa gauni la kijivu, begi dogo miguuni. Kichwa amekinyoa karibu na ngozi, na vinyweleo vilivyobaki vilikuwa vimeanza mvi pembeni. Sura ilikuwa ya baba yetu. Nilimtambua kwa namna alivyokalia ukingo wa kiti, kama mtu anayetarajia kuambiwa ainuke.

Mama alikuwa mbele yake, ameketi kwa adabu, mikono mapajani.

"Karibu sana, mgeni," alikuwa anamwambia. "Vumilia kidogo. Mwenye nyumba anakuja. Binti yangu, anaitwa Tausi."

"Mama," dada akasema. "Mimi ndiye Tausi."

"Watu wengi wanasema hivyo siku hizi," mama akamjibu, bila ubaya.

Sijui niliingia kwa nini. Ningeweza kurudi nyuma. Lakini mama alikuwa hajala tangu jana, na mguu wangu ulikuwa umeshavuka kizingiti. Plastiki ikateleza, ikaanguka chini. Nywele zikanishukia begani, mbichi, nyekundu, zikichuruzika.

"Huyo!" Mama alipiga makofi. "Huyo hapo! Tausi, mwanangu, mbona umelowa hivyo? Una mgeni hapa, mpe chai."

Dada yangu akageuka akaniangalia. Aliniangalia nywele kwanza, kisha uso.

"Kitinda?"

Sikuitika. Mbele ya mama nisingeweza kuitika.

Alisimama, akaenda jikoni, nami nikamfuata. Mama Mdogo alibaki sebuleni na bakuli, na kupitia mlangoni nilimsikia mama akisema, "Haya leteni hicho chakula, si mtoto amekuja."

Jikoni Tausi alisimama karibu na sinki, amenipa mgongo.

"Umemwambia wewe ni mimi."

"Alisema mwenyewe. Mimi niliitikia tu. Dada, alikuwa hali."

"Tangu lini?"

"Tangu nipake hii rangi."

"Na amekwambia nini, huyo mama yangu, ulipokuwa mimi?"

Hapo ningeweza kudanganya. Nilikuwa nimeshazoea, ulimi ulikuwa laini. Lakini alikuwa dada yangu, na alikuwa amesafiri.

"Alikuomba msamaha. Kwa yale maneno ya mtoto mmoja."

Akageuka. Alikuwa ameshika ukingo wa sinki kwa mikono yote miwili.

"Na ukamjibu nini?"

Nikavuta taulo la Msusi mabegani.

"Kitinda, ukamjibu nini?"

"Kwamba umeshamsamehe. Zamani sana."

Alicheka bila sauti, mabega tu yakitikisika, mpaka nikaona kwamba hakuwa anacheka.

"Nani alikwambia nimemsamehe?" akasema. "Nani? Nimekaa na yale maneno miaka yote hii. Nimeyalalia, nimeyaamkia. Nilimngoja aniombe ili nimwambie jinsi yalivyoniuma, kisha ndiyo nimsamehe, mimi, kwa mdomo wangu. Umeyachukua yote. Msamaha wake umeuchukua, na wangu umeugawa."

"Sikujua utarudi."

"Hukutaka nirudi. Ungenitafuta. Mama Mdogo amenipata kwa ujumbe mmoja."

Hilo lilinichoma. Sikuwahi kumtafuta. Kupendwa kulikuwa kumenikolea.

Akafungua bomba.

"Osha."

"Nikiosha hatakula."

"Osha, aniangalie mimi."

"Hatakuangalia, dada! Unadhani mimi aliniangalia? Nimemlea, nimembeba, nimemwosha, nilipokuwa na nywele zangu mwenyewe alikuwa ananiita muuguzi. Hii rangi ikitoka hatubaki na Tausi, hatubaki na Kitinda. Tunabaki na mama mwenye njaa na watumishi wawili."

"Basi tubaki hivyo. Osha."

Sijui ni uchovu au ni haki. Niliinama. Maji baridi yalinipiga kisogoni, nikaona sinki jeupe likigeuka jekundu, kisha la chungwa, povu jepesi likizunguka. Mkono wa dada ukanifikia kichwani. Nilidhani utanikandamiza. Alinishika tu, taratibu, akanichanulia nywele kwa vidole kama alivyokuwa akiniosha nilipokuwa mdogo.

Tulikuwa hivyo, sote wawili tunalia na hakuna anayemtazama mwenzake, tuliposikia sauti mlangoni.

"Kitinda."

Nikasimama ghafla, nikagonga kichwa kwenye bomba. Miezi yote ile sikuwahi kumsikia mama akiniita kwa jina langu. Amenijua, nikajisemea. Rangi imetoka, amenijua.

Nikapangusa macho.

Mama alikuwa amesimama mlangoni, ameegemea ukuta, Mama Mdogo nyuma yake akijaribu kumshika kiwiko. Lakini hakuwa ananitazama mimi. Alikuwa anamtazama Tausi.

"Kitinda, mwanangu," akamwambia dada yangu. "Nani amekunyoa hivyo? Umekonda. Dada yako amerudi, umemwona? Anaosha nywele zake pale."

Tausi hakusogea. Maji yalikuwa bado yanatiririka.

"Ni vizuri mko wote," mama akasema. Aliingia polepole, akamshika Tausi mkono, akaupigapiga kwa kiganja. Sauti yake ilikuwa ile ya zamani, ya kabla hajaanza kusahau, sauti ya mtu aliyepanga maneno yake. "Huyu dada yako nimeshamwomba msamaha, ametoa. Umebaki wewe. Na wako ni mzito zaidi, kwa kuwa hata hujui kama nilikukosea."

"Dada, ukakae," Mama Mdogo akasema haraka. Haraka mno.

"Niache. Kitinda, wale watu wa timu ya kuogelea. Walikuja. Walikuja humu ndani, wakakaa sebuleni, wakanywa na maji. Walikuwa wanakutaka uende nao. Wewe ulikuwa shule. Nikawaambia umeacha kuogelea, umepata ugonjwa wa kifua. Wakasikitika, wakaondoka."

Nilishika ukingo wa sinki.

Niwaeleze. Nilipokuwa msichana, hakuna aliyenishinda majini katika shule zote za karibu. Watu wa timu hiyo walikuja wakatutazama, wakaandika, wakasema tutaitwa. Nilingoja. Kila hodi mlangoni niliikimbilia. Wenzangu wakaitwa, mimi sikuitwa. Nikajiambia sikuwa na kasi ya kutosha. Nikajiambia hivyo mpaka nikaamini, nikaenda kufundisha wengine kupiga miguu kwenye maji ya kina kifupi, na maisha yangu yote nikayapanga juu ya imani hiyo.

"Dada yako alikuwa ameshaondoka," mama akaendelea, bado ameshika mkono usio wangu. "Na wewe ungeondoka ningebaki na nani? Nilikufungia mlango ili nisibaki peke yangu. Mama Mdogo wako alikuwepo, muulize."

Nikamtazama Mama Mdogo. Alikuwa anatazama sakafu.

Mama alinyoosha shingo akamkaribia Tausi, akamtafuta macho.

"Unanisamehe, Kitinda?"

Nilitaka kupiga kelele kwamba Kitinda ni mimi, niko hapa, niulize mimi. Maji mekundu yalikuwa yananitiririka kwenye paji la uso, yakaniingia machoni.

Tausi aliinua uso akanitazama kupitia juu ya bega la mama. Alinitazama kwa muda, bila hasira, bila huruma, kama mtu anayesoma kitu.

Kisha akamgeukia mama, akaifunika mikono ya mama kwa yake, na kwa jina langu akaanza kumjibu.